ALT yangu imeshuka kutoka 96 hadi 51 baada ya vidonge vya antioksidanti: je, ni vidonge, na ni salama kuendelea navyo?

#1 MkulimaKibaigwa
Wanajukwaa, salaam. Nina umri wa miaka 52 na shughuli yangu ni kununua na kuuza mahindi na alizeti. Mwezi Desemba nilipimwa damu nikaambiwa kuwa kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kimefika 96, ilhali karatasi ya maabara ilionyesha kuwa mwisho wa kawaida ni 41. Altrasaundi ikaonyesha ini lenye mafuta. Daktari alinitaka nipunguze uzito, kwani wakati huo nilikuwa na kilo 94, kisha nirudi baada ya miezi mitatu.

Katika kipindi hicho ndugu yangu anayeishi Marekani alinitumia kopo la vidonge vya antioksidanti vilivyoandikwa kuwa ni vya kutunza ini. Kila kidonge kina silimarini miligramu 250, vitamini E yuniti 400, pamoja na manjano yaliyokolezwa na kuchanganywa na kiini cha pilipili manga. Maelekezo ni kumeza viwili kwa siku, na ndivyo nilivyofanya. Mwezi Machi nimepima tena, ALT ni 51. Kopo linakaribia kuisha na ndugu yangu yuko tayari kutuma jingine. Je, ni vidonge vilivyonisaidia, na je, ni salama kuvitumia kwa muda mrefu?

#2 ShangaziZuhura
Hongera sana. Usiache hata siku moja. Mume wangu alikuwa na tatizo hilo hilo, tukampa vidonge vya silimarini pamoja na unga wa mlonge, na leo ni mzima kabisa. Ini linachoka kwa sumu za vyakula vya siku hizi, na antioksidanti hulisafisha. Mimi sihitaji utafiti mwingine zaidi ya mume wangu mwenyewe.

#3 MfamasiaTanga
Ninamheshimu Shangazi, lakini ini halikusanyi uchafu wa kusubiri kusafishwa. Kazi yake ni kuzibadili sumu ili zitoke kwa njia ya nyongo na mkojo, na katika kazi hiyo huzalisha chembe huru zinazoweza kuunguza utando wa seli. Antioksidanti huzizima chembe hizo. Ini lenyewe hutengeneza antioksidanti yake kuu, glutathioni, bila kungoja kopo kutoka ng'ambo. Hoja ya kutumia vidonge ni kwamba ini lenye mafuta huzalisha chembe huru nyingi kupita uwezo wake, kwa hiyo linahitaji msaada. Hoja hiyo ina mantiki, ila mantiki pekee haitoshi, na ndiyo maana majaribio hufanywa.

Silimarini hutoka katika mbegu za mmea uitwao kitaalamu Silybum marianum, wenye asili ya nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C. Walipewa silimarini kwa dozi kubwa, hadi miligramu 700 mara tatu kwa siku kwa wiki 24, na ALT zao hazikushuka kuliko za wale waliopewa vidonge vitupu. Vitamini E ina rekodi bora zaidi. Jaribio la PIVENS la mwaka 2010, lenye watu wazima 247 waliokuwa na ini lenye mafuta na uvimbe, liliwapa kundi moja yuniti 800 kwa siku kwa wiki 96. Asilimia 43 ya kundi hilo walipata nafuu iliyothibitishwa kwa kuchukua kinyama cha ini, dhidi ya asilimia 19 ya waliopewa vidonge vitupu.

#4 KijanaMwenge
Basi hesabu imekamilika. Vidonge viwili mara yuniti 400 ni yuniti 800, ndiyo dozi ile ile ya jaribio. Mkulima amepona kwa vitamini E, makovu ya ini yameondoka, na uzi ufungwe.

#5 MfamasiaTanga
Kijana, usifunge uzi upesi namna hiyo. Katika PIVENS mafuta na uvimbe ndivyo vilivyopungua. Makovu hayakupungua kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu makovu ndiyo yanayolipeleka ini kwenye kusinyaa.

#6 MaabaraUsiku
Mimi ni mtaalamu wa maabara, na kabla hatujagawana sifa kati ya silimarini na vitamini E ningependa kuuliza maswali ya kazi yangu. Je, vipimo vyote viwili vilifanyika katika maabara moja? Mashine na vitendanishi hutofautiana, na mwisho wa kawaida hutofautiana pia. Maabara moja huandika 41, nyingine huandika 55, ilhali chama cha madaktari wa mfumo wa chakula cha Marekani kilipendekeza mwaka 2017 kuwa kwa wanaume wenye afya njema mwisho uwe kati ya 29 na 33. Kwa kipimo hicho hata 51 bado iko juu.

Pili, ALT na kimeng'enya mwenzake AST hazitoki kwenye ini pekee, bali misuli nayo inazo. Mtu aliyebeba magunia au kulima kwa jembe siku mbili kabla ya kutolewa damu anaweza kupandisha vimeng'enya hivyo bila ini lake kuwa na neno. Desemba kwa watu wa Dodoma ni msimu wa kupanda. Ulifanya kazi gani wiki ile?

#7 MkulimaKibaigwa
Nashukuru kwa maswali. Kipimo cha kwanza kilifanyika hospitali na cha pili katika maabara binafsi mjini, kwa hiyo mashine ni tofauti. Wiki ile ya Desemba nilikuwa shambani pamoja na vibarua. Sikubeba magunia, lakini jembe nililishika.

Niongeze mambo ambayo sikuyaandika mwanzoni. Nina kisukari na ninatumia metformini. Nilikuwa nikimeza diklofenaki karibu kila siku kwa ajili ya goti, na daktari aliniambia niache, nikaacha. Uzito wangu sasa ni kilo 88.

#8 MaabaraUsiku
Sasa tuna washukiwa wengi kuliko mahakama ya mwanzo siku ya Jumatatu.

#9 MstaafuReli
Mimi naona mshukiwa ni mmoja tu, naye ni diklofenaki. Dawa hiyo inajulikana duniani kote kuwa miongoni mwa dawa za maumivu zinazoweza kuchokoza ini, na huku kwetu inauzwa kama pipi. Nilipostaafu nilikuwa nikiimeza kwa ajili ya mgongo, ALT yangu ikapanda zaidi ya mara mbili ya kawaida. Nilipoiacha ikashuka yenyewe, na sikumeza kirutubisho chochote. Mkulima ameacha dawa hiyo na kuanza vidonge katika kipindi kimoja, halafu pongezi zinakwenda kwa vidonge. Hiyo si haki.

#10 DaktariWilayani
Hoja ya Mstaafu ina uzito, lakini hata kilo zina uzito wake. Kutoka kilo 94 hadi 88 ni zaidi ya asilimia 6 ya mwili. Inafahamika vizuri kuwa kupungua kwa asilimia 5 hupunguza mafuta ndani ya ini, na kupungua kwa asilimia 7 hadi 10 hupunguza na uvimbe. Mgonjwa aliyefikia hapo, ALT yake hushuka bila kidonge. Kama ningelazimishwa kuchagua sababu moja, ningechagua hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo halijaulizwa. Je, umepimwa homa ya ini aina ya B? Ugonjwa huo ni wa kawaida katika ukanda wetu, na tabia yake ni kupandisha ALT na kuishusha kwa vipindi hata bila matibabu. Mtu akianza kunywa chochote wakati imepanda, ikishuka atakisifu alichokunywa.

#11 BintiMakueni
Naomba niingie nikiwa mtu wa nyumbani kwa aflatoksini, ile sumukuvu ya nafaka. Mwaka 2004 kwetu Kenya, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu, na watu 317 wakaugua, 125 kati yao wakafariki kwa kuharibikiwa ini. Mkulima anaishi na mahindi mwaka mzima. Desemba ni mwezi ambao ghala lina mahindi ya zamani, na Machi huenda familia ilikuwa inanunua mchele. Mbona hakuna aliyeuliza alikuwa anakula nini?

#12 MpembaHalisi
Da Binti, usitutie hofu. Ugali wa huku visiwani unatokana na mahindi hayo hayo ya Kibaigwa.

#13 BintiMakueni
Hofu si lengo langu. Lakini hata Tanzania mwaka 2016 ilipata mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walifariki. Kibaigwa iko Dodoma.

#14 DaktariWilayani
Mlipuko huo ulikuwepo, na Binti amefanya vyema kuukumbusha. Hata hivyo, sumukuvu ya dozi kubwa humfanya mtu aumwe tumbo, atapike, tumbo lijae maji na macho yawe ya njano kwa siku chache. Mkulima hakuwa na dalili yoyote. Kula dozi ndogo kwa miaka mingi kuna hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya B, lakini sidhani kuwa kunaeleza 96 yake. Sikatai kabisa, naiweka chini katika orodha.

#15 MfamasiaTanga
Nirudi kwenye swali la pili la Mkulima, la usalama, kwa sababu naona tumezama katika la kwanza. Kisukari kinabadilisha mambo. Jaribio la PIVENS halikuwachukua wenye kisukari, wala wenye ini lililokwisha kusinyaa, kwa hiyo ile asilimia 43 si ahadi kwako.

Vitamini E huyeyuka katika mafuta na hukaa mwilini. Kwa dozi kubwa huzuia damu kuganda vizuri, na hilo ni hatari kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aspirini ya kila siku. Zaidi ya hayo, jaribio la SELECT, lililohusisha wanaume zaidi ya 35,000, liliripoti mwaka 2011 kuwa waliopewa yuniti 400 kwa siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge vitupu. Wewe ni mwanaume wa miaka 52 na unatumia mara mbili ya dozi hiyo. Jaribio la Finland la mwaka 1994 kwa wavuta sigara 29,133 lilitufundisha jambo la aina hiyo hiyo kuhusu betakarotini, kwani saratani ya mapafu iliongezeka badala ya kupungua. Watu hudhani antioksidanti haiwezi kudhuru kwa kuwa imo katika matunda.

Silimarini kwa upande wa usalama ni pole. Huweza kulegeza choo, huweza kushusha sukari kidogo, na mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti na pareto awe mwangalifu, kwani ni jamii moja. Mkulima anashinda na alizeti, nadhani angekwisha kujua kama ana mzio.

Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi katika kopo hilo ni manjano.

#16 MpembaHalisi
Manjano? Mfamasia, hapo umenipoteza. Bibi zetu wametia manjano katika mchuzi, katika pilau ya njano, katika maziwa ya mzazi na hata usoni mwa bibi harusi, na maini yao yalikuwa salama. Kirutubisho kikiwa na kitu kimoja kinachojulikana na watu wa kawaida, ndicho kinachoshtakiwa?

#17 MfamasiaTanga
Bibi hakukosea, kwa sababu alitia kijiko katika sufuria la watu kumi. Kiini kinachotafutwa katika manjano ni kukumini, na utumbo wetu hukinyonya kidogo mno. Watengenezaji wa vidonge hukikoleza kwanza, kisha huongeza piperini, kiini cha pilipili manga, ambayo katika utafiti wa mwaka 1998 iliongeza unyonywaji wake kwa watu takribani mara 20. Kinachofika kwenye ini kwa njia hiyo hakilingani na kile cha mchuzi.

Mwaka 2022 mtandao wa madaktari wa Marekani unaofuatilia maini yaliyodhuriwa na dawa ulieleza wagonjwa kumi waliodhurika na vidonge vya manjano. Watano walilazwa na mmoja alifariki. Wengi wao walikuwa na aina fulani ya jeni, kwa hiyo si kila mmezaji atadhurika, ila mtu hajui kama anayo. Italia nayo, baada ya visa kadhaa, ililazimisha onyo kwenye makopo. Kwa hiyo unaweza kuwa na kopo la kutunza ini ambalo ndani yake kimo kitu kinachoweza kuliumiza.

#18 KijanaMwenge
Hebu tuwe wakweli. Visa kumi katika nchi yenye mamilioni ya wamezaji ni vichache kuliko ajali za bodaboda za barabara ya kwetu kwa juma moja. Na ALT ya Mkulima imeshuka akiwa anameza manjano hayo hayo. Kama yangekuwa yanamdhuru, si ingepanda?

#19 DaktariWilayani
Ni swali zuri. Kushuka kunaonyesha kuwa mpaka sasa hayajamdhuru kwa kiasi cha kuonekana. Hakuonyeshi kuwa hayatamdhuru, kwa sababu madhara ya aina hii hutokea baada ya wiki kadhaa na wakati mwingine miezi. Pia hakuonyeshi kuwa ingeshuka hadi 51 tu. Pengine bila vidonge ingefika 35.

#20 MwanaMinnesota
Ninaishi Marekani na ni miongoni mwa wanaotumwa makopo haya na ndugu, kwa hiyo niseme linalotokea upande huu. Kwa sheria ya mwaka 1994, virutubisho vya nyongeza huku havihitaji kibali cha mamlaka ya dawa kabla ya kuingia sokoni. Mtengenezaji ndiye anayewajibika, na mamlaka huingilia baadaye madhara yakionekana. Neno «support» kwenye kopo limechaguliwa na wanasheria, kwa kuwa sheria haimruhusu kuandika kuwa anatibu ugonjwa. Mimi hutazama kama kopo lina alama ya USP, inayoonyesha kuwa chombo huru kimepima kilichomo na kiasi chake. Alama hiyo haithibitishi kuwa kitu kinafaa, inathibitisha tu kuwa ulichokinunua ndicho kilichomo.

#21 MstaafuReli
Na huku kwetu TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, inafanya nini?

#22 MfamasiaTanga
Mzee wangu, TFDA haipo tena. Tangu mwaka 2019 dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, na masuala ya chakula yalihamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Kwa hiyo kopo likiwa na usajili wa chakula, usilione kama limepimwa uwezo wa kutibu. Lililokuja kwenye begi la ndugu halina usajili wowote.

#23 BintiMakueni
Kwa kuwa Mwana Minnesota ametaja kilichomo, nami sijaondoka kwenye kuvu. Watafiti wa Prague walipima virutubisho vya mimea mwaka 2015 na kukuta kuwa vile vya silimarini ndivyo vilivyokuwa na sumukuvu nyingi zaidi, hasa zile za jamii ya Fusarium. Mbegu hizo huvunwa na kukaushwa kama nafaka, na zikikaushwa vibaya huota kuvu kama mahindi yetu.

#24 MpembaHalisi
Nilidhani umeondoka Makueni, kumbe umeihamishia Ulaya.

#25 MamaNjombe
Naomba nitoe tahadhari kwa wasioweza kununua makopo. Jirani yangu alionyeshwa picha ya huo mmea wa silimarini kwenye simu, majani yenye miiba na mistari myeupe, akaenda kung'oa mbaruti kandokando ya barabara akitaka kuchemsha mbegu zake. Mbaruti yetu ina maua ya njano na ukiikata hutoa utomvu wa njano, ilhali ule mwingine una maua ya zambarau.

#26 DaktariWilayani
Ahsante, Mama. Mbaruti hiyo ni Argemone mexicana, na mbegu zake ni sumu. Huko Delhi mwaka 1998 mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu hizo yaliwavimbisha watu miguu na kuwaathiri moyo, na zaidi ya 60 wakafariki. Jirani asiziguse.

#27 LuluWaSinza
Habari zenu. Mimi ninachomwa sindano za glutathioni katika saluni ninayoifahamu, kwa ajili ya ngozi kung'aa. Mfamasia amesema glutathioni ndiyo antioksidanti kuu ya ini. Je, ina maana kuwa nimekuwa nikilinda na ini langu bila kujua?

#28 MfamasiaTanga
Dada Lulu, hapana. Kuwa kitu kinatengenezwa ndani ya ini hakumaanishi kuwa kukiingiza kwa wingi kupitia mshipa ni salama. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino, ambako sindano hizi zilienea mapema, ilitoa onyo mwaka 2011 dhidi ya kuzitumia kwa kung'arisha ngozi, ikitaja madhara kwa ini, figo na mfumo wa fahamu, pamoja na vipele vikali. Halafu saluni si mahali pa kuchomea mshipa. Sindano isiyo safi huweza kukuletea virusi vya B au C, na hapo ini lako litakuwa na tatizo la kweli.

Antioksidanti yenye kazi isiyobishaniwa kwenye ini ni asetilisisteini. Mtu akimeza parasetamoli kupita kiasi, ini huigeuza sehemu yake kuwa sumu na kumaliza akiba ya glutathioni. Asetilisisteini hurudisha akiba hiyo, na ikitolewa ndani ya saa 8 huokoa karibu kila mgonjwa. Lakini hiyo ni dawa ya hospitali kwa dharura maalumu. Mtu asiimeze kila asubuhi ili jioni ameze Panadol kwa ujasiri.

#29 ShangaziZuhura
Nimesoma yote haya kwa utulivu. Mmetaja Finland, Prague, Delhi na Ufilipino, lakini hakuna aliyenieleza mume wangu alipona kwa nini. Alikuwa amechoka, macho yamepoteza nuru, na baada ya silimarini na mlonge akarudi kazini.

#30 MstaafuReli
Shemeji, kwa heshima zote, je, katika kipindi hicho aliendelea na bia?

#31 ShangaziZuhura
Aliacha. Maelekezo ya vidonge yalikataza pombe, naye alifuata. Kwa hiyo ni vidonge vilivyomwachisha, na sifa ni ya vidonge vile vile.

#32 KijanaMwenge
Hapo Shangazi ameshinda na sijui kwa njia gani.

#33 MkulimaKibaigwa
Nimefuatilia kila jibu na ninashukuru. Kipimo cha homa ya ini aina ya B sijawahi kufanya, nitakifanya wiki hii. Kuhusu chakula, Binti hajakosea sana, kwani Januari tulimaliza mahindi ya ghala la zamani na tangu hapo tunakula uwele na mchele zaidi. Swali langu sasa ni la vitendo: niache vidonge vyote, niache kimoja, au nimalize kopo?

#34 MaabaraUsiku
Ushauri wangu ni kuviacha vyote, ukae wiki sita hadi nane, usishike jembe kwa siku tatu kabla ya kutoa damu, kisha upime katika maabara ile ile uliyopimia Machi. Ikibaki chini au ikiendelea kushuka, vidonge havikuwa na kazi.

#35 MfamasiaTanga
Ningekubali, ila jaribio la mtu mmoja halitatoa jibu safi, kwa kuwa uzito wake bado unashuka na diklofenaki bado ameiacha. Akiacha vidonge na ALT ikashuka, Daktari atasema ni kilo na Mstaafu atasema ni diklofenaki. Mimi ningeacha kabisa lile kopo kwa ajili ya manjano yaliyokolezwa. Suala la vitamini E peke yake lipelekwe kwa daktari anayekutibu, kwa sababu lina faida inayopimwa dhidi ya hatari ya tezi dume na ya damu kutoganda. Na popote uendapo beba kopo lenyewe, usilitaje kwa jina tu.

#36 DaktariWilayani
Mimi naegemea kuacha vyote. Kumaliza kopo kwa sababu limelipiwa si sababu ya kitabibu. Ukiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi, macho ya njano, kuwashwa mwili mzima au kichefuchefu kisichoisha, usingoje wiki sita, nenda siku hiyo hiyo.

#37 NshomileKaragwe
Ajabu ni kwamba kurasa zote hizi zimepita bila mtu kutaja kahawa. Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa wanywaji wa kahawa hupata ini kusinyaa kwa nadra kuliko wasiokunywa. Sisi tulianza kuitafuna kabla ya kopo lolote.

#38 MaabaraUsiku
Ndugu wa Karagwe, nilikuwa nikikungojea. Ni kweli, ila tafiti hizo huwafuata watu bila kuwagawia kahawa kwa kura, kwa hiyo huenda wanaokunywa wana tofauti nyingine. Na isiwe kahawa ya vijiko vitatu vya sukari kwa mwenye ini lenye mafuta.

#39 ChifuKidogo
Samahani kwa kuchelewa. Mama yangu ameanza dawa za kifua kikuu mwezi uliopita, na tumeambiwa dawa hizo huweza kudhuru ini. Je, tumpe silimarini au asetilisisteini ili kulilinda? Tayari anapewa vitamini B6 kliniki. Tena mkojo wake ni wa rangi ya chungwa, na baada ya kusoma #36 nimeogopa.

#40 DaktariWilayani
Pole kwa kuuguza. Vitamini B6 hutolewa kulinda mishipa ya fahamu dhidi ya isoniazidi, hailindi ini. Rangi ya chungwa huletwa na rifampisini, nayo hutia rangi mkojo, jasho na hata machozi tangu siku za mwanzo, bila ini kuhusika. Kwa hiyo kwake mkojo si kipimo. Tazameni weupe wa macho mchana, na muulizeni kama amepoteza hamu ya kula au anatapika. Kimojawapo kikitokea, mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo, na msimwachishe dawa ninyi wenyewe.

Kuhusu asetilisisteini, jaribio la Afrika Kusini liliwapa wagonjwa ambao maini yao yalikuwa yamekwisha kudhuriwa na dawa za kifua kikuu. ALT haikushuka kwa kasi zaidi, ingawa walikaa hospitali siku chache kuliko wenzao. Haikujaribiwa hapo kama kinga ya mtu asiye na tatizo. Kabla ya kumpa kirutubisho chochote, kiwe cha madini au cha mimea, wauguzi wa kliniki yake wakione kwanza. Kama anatumia pia dolutegraviri, dawa ya VVU, basi kalisiamu na chuma zikimezwa pamoja nayo bila chakula huizuia kunyonywa.

#41 ChifuKidogo
Ahsante sana, Daktari. Macho ni meupe na jana amekula vizuri. Shangazi yangu alikuwa amekwisha kununua kopo, nimelifungia kabatini hadi Jumanne, siku ya kliniki.